Herufi moja kwa wiki: tathmini ya darasa la Kichina la jioni mjini Mtwara

Mtu wa Mtwara anayetaka kujifunza Kichina bila kuhamia Dar es Salaam au Dodoma, ambako vyuo vikuu vina Taasisi za Confucius, hana njia nyingi. Anaweza kujifunza kwa simu, kutafuta kitabu cha kuagiza, au kujiunga na darasa la jioni linaloendeshwa na mwalimu binafsi katika chumba cha kukodi, Chikongola. Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi na majiko ya gesi, na bidhaa zangu nyingi huja na maboksi yaliyoandikwa Kichina, kwa hiyo nilijiunga na darasa hilo na kusoma muhula mzima. Tathmini hii inahusu hasa jambo moja linalolitofautisha na masomo mengine ya lugha niliyoyaona: halianzi na orodha ndefu za salamu na bei, bali huchukua herufi moja ya Kichina kila wiki na kuifuatilia kila inakoingia, hadi mwanafunzi aone kwa macho yake jinsi alama hiyo moja inavyozaa maneno na semi ambazo hakudhani kuwa ni ndugu. Ninaamini hiyo ndiyo njia inayotufaa, ingawa namna inavyotekelezwa hapa ina kasoro ambazo mwanafunzi mpya anapaswa kuzifahamu kabla ya kulipa ada.

Sababu ya kuikubali njia hiyo imo ndani ya Kichina chenyewe. Jedwali la herufi sanifu lililotangazwa na serikali ya China mwaka 2013 lina herufi 8,105, na kati ya hizo 3,500 ndizo zilizowekwa katika daraja la kwanza kwa matumizi ya kawaida. Lakini kamusi kubwa za lugha hiyo zina viingizo zaidi ya 60,000. Maneno hayo mengi hutokana na herufi hizo chache kwa kuunganishwa mbili mbili, tatu tatu na nne nne. Kiswahili hukuza maneno yake kwa viambishi, ndiyo maana kutokana na kupumua tunapata pumzi, pumzika, pumzisha na pumziko, na kila mara umbo la neno linabadilika kidogo. Herufi ya Kichina haibadiliki umbo hata kidogo. Husimama ilivyo na kumpokea jirani, na maana mpya hutoka katika ujirani huo. Mwanafunzi anayekariri maneno kama vipande visivyohusiana hubeba mzigo mkubwa bila sababu, na nimewaona watu wenye bidii wakiacha masomo kwa ajili hiyo.

Wiki iliyonishawishi kuliko zote ni ile ya herufi 气, inayotamkwa qì, karibu na "chi" yetu lakini kwa pumzi kali zaidi na toni inayoshuka ghafla. Mwalimu aliichagua kwa kuwafikiria wanafunzi wake. Gesi iligunduliwa Songo Songo, mkoani Lindi, mwaka 1974, kisha Mnazi Bay, upande wetu wa Mtwara, mwaka 1982. Na bomba linaloisafirisha kutoka Madimba hadi Dar es Salaam lilijengwa na Wachina kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China na kukamilika mwaka 2015. Mwenzetu mmoja aliyefanya kibarua wakati wa ujenzi huo alikuwa akilijua neno tiānránqì kwa kulisikia tu, bila kujua linaandikwaje. Mwalimu aliliandika ubaoni, 天然气, akalipasua: 天 ni mbingu, 然 ni kuwa katika hali fulani, na mbili hizo kwa pamoja ni kitu cha asili, 气 ndiyo gesi yenyewe. Kisha akatanguliza herufi mbili, 液 ya kimiminika na 化 ya kugeuka, tukapata 液化天然气, gesi asilia iliyogeuzwa kuwa kimiminika, yaani ile inayokusudiwa kuzalishwa katika mradi unaopangwa Likong'o, Lindi. Kijana yule alilisoma neno zima la herufi tano bila kusaidiwa, na hapo darasa lote lilielewa tunachofundishwa.

Baada ya hapo mwalimu aliturudisha nyuma kwenye umbo. 气 huandikwa kwa mistari minne tu ya kalamu, na katika maandishi ya kale kabisa ilikuwa mistari mitatu ya mlalo, kama mvuke au ukungu unaoelea. Kamusi ya kale ya Xu Shen, iliyoandikwa yapata miaka 1,900 iliyopita, inaieleza kuwa ni mvuke wa mawingu. Baadaye watu walizoea kuandika 氣, yenye herufi 米 ya mchele ndani yake, ambayo kwa mujibu wa Xu Shen huyo huyo asili yake ilikuwa ni kumpa mgeni nafaka na malisho. Mpango wa kurahisisha herufi wa miaka ya 1950 ulirejesha umbo fupi katika China bara, huku Taiwan na Hong Kong zikibaki na umbo lenye mchele. Wajapani nao wana umbo lao la tatu, 気, na hapa mwalimu alitupa kazi ya nyumbani iliyonifurahisha: kufungua mlango wa dereva wa gari lolote lililoagizwa kutoka Japani na kusoma kibandiko cha upepo wa matairi. Nilikuta 空気圧. Herufi ya kwanza ni utupu au uwazi, ya pili ni hii yetu, na mbili hizo ni hewa. Ya tatu ni mgandamizo. Kibandiko hicho kimo katika magari mengi yanayopita barabara ya kwenda Masasi, na sisi tumekuwa tukikipita kila siku.

Kutoka kwenye hewa njia inapanuka haraka. 天气 (tiānqì), mbingu na hewa, ni hali ya hewa ya leo au kesho. 气候 (qìhòu) ni tabianchi. 气温 (qìwēn) ni joto la hewa. 煤气 (méiqì) ni gesi ya kupikia katika mazungumzo ya kawaida, ingawa 煤 peke yake ni makaa ya mawe, kwa kuwa gesi ya zamani ya mijini ilitengenezwa kwa makaa hayo. Ukiongeza 灶, yaani jiko, unapata 煤气灶, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye maboksi niliyokuwa nikiyapanga dukani kwa kuangalia picha. Sitayaorodhesha yote, maana kitini cha wiki hiyo kina maneno mengi ya namna hii na mengi yanajieleza yenyewe ukishapata mawili matatu ya mwanzo.

Utajiri mkubwa zaidi uko pale herufi inapotoka kwenye hewa ya nje na kuingia ndani ya mtu. Katika fikra za Kichina, na katika tiba yao ya jadi, 气 ni nguvu inayozunguka mwilini na kuupa uhai, hivyo maneno ya tabia na hisia yanaipitia. 力气 (lìqi) ni nguvu za mwili, 勇气 (yǒngqì) ni ujasiri, 脾气 (píqi) ni hulka ya mtu, hasa ukali wake, na herufi yake ya kwanza, 脾, ni wengu, kiungo ambacho tiba hiyo hukihesabu miongoni mwa viungo vikuu. 生气 (shēngqì) inaunganisha kuzaa au kuzuka na hiyo qì, na maana yake ni kukasirika. Lakini maandishi yale yale, yakitumika kama nomino, ni uhai na uchangamfu, kama katika usemi wa herufi nne 生气勃勃, unaosema kwamba mahali au mtu amejaa uhai. Mwalimu alitulia sana katika neno hili, na alifanya vizuri, kwa sababu linaonyesha kuwa kuzijua herufi mbili hakutoshi mpaka ujue zimekaa wapi katika sentensi.

Niliyapenda zaidi maneno ya karakana. Katika darasa letu kuna muuza baiskeli, na neno 打气 (dǎqì) lilikuwa kama limetengenezwa kwa ajili yake: 打 kwa asili ni kupiga, na neno zima ni kujaza upepo, ndiyo maana pampu ya baiskeli ni 打气筒, kwa kuongezewa 筒, yaani bomba au kopo la mviringo. Neno hilo hilo la kujaza upepo ndilo Wachina wanalotumia kwa kumtia mtu moyo, kama mashabiki wanavyofanya uwanjani. Kinyume chake ni 泄气 (xièqì), kutoka upepo, ambalo kwa mtu ni kukata tamaa. 漏气 (lòuqì) ni kuvuja kwa hewa au gesi, na kwangu hilo ni neno la usalama, kwa sababu maelezo ya tahadhari ya jiko la gesi hayakosi kulitaja. Tairi, mtungi na moyo wa mwanadamu vyote vinaelezwa kwa herufi ile ile bila kujilazimisha, na mwanafunzi ambaye ameshaona tairi likiisha upepo hahitaji kukariri maana ya pili.

Fundi wa kuchomelea vyuma aliyekaa mbele yangu ndiye aliyeuliza kuhusu mtungi wa oksijeni, na swali lake likafungua mlango mwingine. Oksijeni ni 氧气, na herufi ya kwanza, 氧, ina 气 juu yake kama paa na 羊 chini yake. 羊 ni kondoo au mbuzi, lakini hapa imewekwa kwa ajili ya sauti tu, yǎng. Wafasiri wa sayansi wa karne ya 19 walianza kuiita 养气, hewa inayolea uhai, na baadaye ikatengenezwa herufi moja yenye sauti ile ile. Hidrojeni ilikuwa hewa nyepesi, 轻气, na leo ni 氢. Nitrojeni ilikuwa hewa hafifu, 淡气, na leo ni 氮. Klorini, kwa rangi yake, ilikuwa hewa ya kijani, 绿气, na leo ni 氯. Kwa hiyo, 气 haiishii kuungana na majirani. Huingia ndani ya herufi nyingine na kumwambia msomaji kwamba elementi hiyo, katika hali ya kawaida, ni gesi. Cha kushangaza ni kuwa methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi yetu ya Mnazi Bay, haina paa hilo: ni 甲烷, na upande wa kushoto wa 烷 kuna 火, moto, kwa sababu familia hiyo ya kampaundi iliainishwa kwa kuwaka kwake.

Somo la mwisho wa wiki hiyo lilikuwa la semi. Ule uliopokelewa vizuri zaidi na wafanyabiashara ni 和气生财 (héqì shēngcái), upole huzaa mali, ambao Wachina hupenda kuutundika madukani. Mwingine, 理直气壮, unamweleza mtu mwenye haki upande wake, ambaye kwa hiyo husema bila woga. Wa tatu una hadithi ya kihistoria. Mwaka 684 KK jeshi la dola ndogo ya Lu lilikabiliana na jeshi kubwa la Qi (dola hii huandikwa kwa herufi nyingine kabisa, 齐), na mshauri wa Lu, Cao Gui, alizuia ngoma za kushambulia mpaka adui alipopiga zake mara tatu. Baada ya ushindi alieleza kuwa ngoma ya kwanza huamsha ari ya askari, ya pili huipunguza na ya tatu huimaliza. Ndiyo asili ya 一鼓作气 (yī gǔ zuò qì), ngoma moja inayoinua ari, na leo hutumika kwa kumaliza kazi kwa mkupuo mmoja kabla nguvu hazijapoa.

Nikiipima njia yenyewe, ubora wake mkubwa ni kwamba inampa mwanafunzi ujasiri wa kukabili neno asilolijua. Lakini ujasiri huo una hatari, na hapo ndipo lawama yangu ya kwanza ilipo. Kitini kinayapanga maneno kana kwamba maana ya kila moja ni jumla ya sehemu zake, na si hivyo. 小气 (xiǎoqi) ni ndogo pamoja na qì, na mtu akikisia anaweza kufikiri kuwa ni upole au unyonge, kumbe ni ubahili. Ukimwambia mteja wa Kichina neno hilo katika majadiliano ya bei umemtukana. 客气 (kèqi) ni mgeni na qì, na maana yake ni adabu ya kujizuia, ndiyo maana jibu la asante ni 不客气, yaani usijifanye mgeni. Sisi wenye methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tunaielewa papo hapo. Hata hivyo, wapo wanafunzi waliotaka kuihusisha na ule mchele wa kumpa mgeni wa kamusi ya Xu Shen, na mwalimu alilazimika kuwazuia, kwa kuwa njia za maneno hayo mawili ni tofauti. Onyo hilo lingefaa liwemo kwenye kitini, kwa sababu aliyekosa kipindi atabaki na makisio yake.

Vivyo hivyo kwa mpangilio wa herufi. 节气 (jiéqì) ni mojawapo ya vipindi 24 vya mwaka wa jua katika kalenda ya jadi ya China, vilivyoongoza kilimo kwa karne nyingi na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016. Ukizigeuza ukaandika 气节 (qìjié), umesema msimamo na uadilifu wa mtu asiyenunulika. Kwa upande mwingine 力气 na 气力 zote ni nguvu. Kitini kiliweka mifano hii mwishoni, kwa maandishi madogo, na kwangu ilistahili ukurasa mzima.

Lawama ya pili ni ya sauti. Herufi hii ina toni ya nne inaposimama peke yake na katika maneno kama tiānqì na shēngqì, lakini katika kèqi, píqi na lìqi hutamkwa kwa wepesi, bila toni. Vitini vilivyochapwa havikuwa na alama za toni hata moja, hivyo tulizinakili kutoka ubaoni, na chumba kiko karibu na karakana inayofanya kazi hadi magharibi, kiasi kwamba waliokaa nyuma walikuwa wakikisia. Katika lugha ambayo qī ni saba na qǐ ni kuamka, hilo si jambo dogo. Kusikiliza kulipewa muda mchache kuliko kuandika, na ningependa uwiano huo ubadilishwe.

Lipo pia suala la 汽, ambayo ina matone matatu ya maji ubavuni na hutamkwa qì vile vile. Hiyo ni ya mvuke wa maji, nayo imo katika 汽车 (gari), 汽油 (petroli) na 汽水 (soda). Ilitajwa kwa sentensi moja tu. Kwa mji wa bandari wenye malori, hiyo ilikuwa fursa ya kufundisha familia ya pili kwa gharama ndogo, na natumaini itapewa wiki yake.

Sehemu ya simu ilifanyika vizuri, ingawa kwa ufupi. Ukiandika "qi" peke yake kwenye kibodi ya Kichina unaletewa msururu wa herufi na kupoteza muda kuchagua, lakini ukiandika "tianqi" au "daqi" kwa mkupuo, maneno machache tu hujitokeza na lile unalolitaka huwa miongoni mwa ya mwanzo. Kwa hiyo anayejifunza herufi pamoja na majirani zake huandika haraka kuliko anayejifunza moja moja bila muktadha, na jambo hilo nimelithibitisha katika kuwasiliana na wauzaji ninaoagiza kwao.

Darasa hili linamfaa mtu mwenye shabaha ya kusoma: wakala wa forodha, fundi, mwenye duka, kijana anayetafuta kazi katika mitambo ya gesi. Anayetaka kuzungumza tu ndani ya muda mfupi, kwa mfano mwongoza watalii wa Mikindani au Kilwa, ataona linakwenda polepole, na ningemshauri atafute mwalimu wa mazungumzo kwanza. Ada hulipwa kwa mwezi na mwalimu hukubali igawanywe mara mbili. Nunua daftari la hesabu lenye miraba kwa ajili ya kuandikia herufi, fika mapema upate kiti cha mbele, na ukikabidhiwa kitini, mwombe mwalimu akutamkie kila neno huku ukiweka alama za toni kwa mkono wako kabla hujaondoka.